Zamu ya Usiku Huanza Gatini

Jioni ya Jumatatu, tarehe 20 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipakia watu na mizigo ya Mwanza katika bandari ya Bukoba. Kwa mtu wa Karagwe wa wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa njia. Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya bado (iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012), kwa hiyo aliyetoka Kaisho, Nkwenda au Murongo alijiita mtu wa Karagwe tu. Aliamka gizani, akadandia gari la mizigo hadi Omurushaka, akapita Kayanga, akashuka hadi Kyaka na kuingia Bukoba mchana akiwa mwekundu kwa vumbi. Njia ya nchi kavu kwenda Mwanza ilikuwa ndefu na mbaya. Meli ilimpa jambo ambalo lori halikuweza kumpa: kulala. Unapanda jioni, unatandika, na ukifumbua macho Mwanza iko mbele yako.

Mchukue msafiri mmoja wa aina hiyo. Tumpe magunia mawili ya maharage ya kuuza na mtoto mgongoni. Simpi jina, kwa sababu waliokuwa kama yeye walikuwa wengi na majina yao hayakuandikwa popote. Kwenye dirisha la daraja la kwanza na la pili kulikuwa na karatasi ya majina. Yeye alikuwa wa daraja la tatu, alionyesha tiketi akapita. Akatafuta nafasi kati ya mizigo, akatandika khanga, akamshusha mtoto, akauliza kama choo kiko mbali. Meli ikaondoka Bukoba, ikapita Kemondo, gati ambalo mikungu ya ndizi ilikuwa biashara yake kubwa, kisha ikaelekeza omo kwenye maji mapana.

Sasa mwache alale. Amechoka na ana haki ya usingizi wake. Sisi tupande juu kwenye chumba cha usukani, tuone usingizi huo unalindwa vipi. Nisemayo hapa ni taratibu za vyombo vyote vinavyosafiri usiku, ziwani na baharini, na kila kijana wa Karagwe au Kyerwa anayefikiria ubaharia ayajue kabla hajaenda kuomba nafasi Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

Katika meli za masafa marefu siku hukatwa vipande vya saa nne nne: saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili, saa mbili hadi saa sita. Kila ofisa hushika vipande viwili, kimoja cha mchana na kimoja cha usiku. Saa nne yuko kazini, saa nane amepumzika, kisha anarudi. Hivyo hivyo leo, kesho na mtondo, hadi nchi kavu ionekane. Maisha yote ya meli hufuata mgawanyo huo. Mpishi hupika akijua nani anaamka na nani anakwenda kulala, na huacha chai na mkate kwa wale wa usiku wa manane. Mtu wa zamu ya saa sita hadi saa kumi hulala asubuhi wenzake wakipiga kelele za kazi, kwa hiyo kutembea kwa vishindo mbele ya mlango wake ni utovu wa adabu unaokaripiwa mara moja. Mapatano ya kimataifa kuhusu mafunzo na zamu za mabaharia, yaliyopitishwa London mwaka 1978 na kurekebishwa baadaye, yanadai baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na si chini ya saa 77 katika kila siku 7. Sharti hilo halikuwekwa kwa ajili ya starehe. Aliyenyimwa usingizi huona taa na asielewe anachokiona.

Kazi yenyewe kwa nje haina fahari. Kusimama. Kutazama. Kusikiliza. Kanuni ya tano ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inasema chombo kilindwe wakati wote kwa macho, kwa masikio na kwa kila nyenzo iliyopo. Rada ni nyenzo mojawapo tu, nayo huweza isiuonyeshe vizuri mtumbwi wa mbao wa mvuvi wa dagaa. Ndiyo maana kwenye Ziwa Victoria, usiku wa giza, wavuvi wanapowasha taa zao na maji kugeuka kama mji, mtu wa zamu hapaswi kuondoa macho kwenye kioo. Katikati ya taa hizo huweza kuwepo mmoja ambaye taa yake imezimika.

Kipande kibaya kuliko vyote ni kile cha kuelekea alfajiri. Mwili hupoa, kope huwa nzito, na mawazo hurudi nyumbani. Katika ziwa letu saa hizo ndizo zenye radi pia. Usiku maji hubaki na joto kuliko ardhi inayoyazunguka, upepo wa nchi kavu humiminika kutoka pande zote ukakutana katikati ya ziwa, hewa hupanda, mawingu hufumuka, na dhoruba hupiga kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo baharia wa zamu hashauriwi kukaa kwenye kiti laini. Meli nyingi za sasa zina kengele inayodai kubonyezwa kila baada ya dakika chache, kati ya 3 na 12. Usipobonyeza, italia; ukiendelea kunyamaza, itaamsha wenzako na nahodha.

Lakini kilichonigusa zaidi katika elimu yote hii ni makabidhiano. Anayepokea zamu haingii na kushika kazi papo hapo. Huja mapema na kusimama gizani pembeni, maana macho yaliyotoka kwenye taa huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na kanuni inakataza kupokea zamu kabla ya macho kuzoea. Husomewa uelekeo, mwendo, vyombo vinavyoonekana, hali ya hewa, na maagizo ambayo nahodha ameyaandika katika daftari la usiku. Na kama anayekuja amelewa, anaumwa, au amechoka kiasi cha kupepesuka, anayetoka haruhusiwi kumkabidhi hata kama saa yake imekwisha na miguu inamuuma. Atabaki pale pale na kumwita nahodha. Yaani kanuni imempa mtu mdogo wajibu wa kusema hapana.

Katika mashua ndogo za matanga zinazovuka bahari kuu, ambazo huenda zina watu wawili tu, mume na mke, utaratibu ni huo huo ila ni mgumu zaidi. Mmoja hulala saa tatu, mwingine hukesha saa tatu. Anayekesha huinuka kila baada ya dakika kumi hivi na kuzungusha macho upeo wote, kwa sababu meli kubwa inayokwenda kilometa 35 kwa saa huweza kutoka upeoni ikafika ubavuni mwako kwa robo saa au pungufu. Na wana sharti moja wasilolivunja: usiku hatoki mtu kwenda omo bila kujifunga mkanda na bila kumwamsha mwenzake. Anayeanguka majini mwenzake akiwa amelala hatajulikana ameanguka hadi zamu ibadilike. Kwenye pwani ya Waswahili ya zamani mambo yalikuwa hivyo hivyo bila vitabu. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi Zanzibar na kwenye mikoko ya Rufiji, aliwakuta mabaharia wakilala juu ya sitaha pamoja na abiria na shehena, popote penye upenyo, na chombo chote kikitegemea macho ya wachache walioachwa waangalie usiku.

Mtu wa Kyerwa anayelima bonde la mto Kagera hahitaji kufundishwa hili. Anapolinda mahindi dhidi ya viboko hukaa kwenye kibanda chake na moto wake na debe lake la kupiga, na anajua kwamba kazi haipimwi kwa usiku mwingi ambao kiboko hakuja. Usiku mmoja tu akisinzia, asubuhi hukuta shamba limelala chini, na hawezi kumwambia mkewe kwamba usiku mwingine wote alikuwa macho.

Dunia ina mifano ya waliosinzia, au walioangalia pengine. Tarehe 3 Aprili 2010 meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ofisa aliyekuwa zamuni alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia. Alikosa kugeuza meli mahali alipotakiwa kugeuza. Jioni ya tarehe 25 Julai 2020, karibu zaidi na kwetu, meli ya Wakashio iligonga miamba ya Mauritius. Ndani kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya baharia mmoja, na meli ilikuwa imesogezwa karibu na kisiwa ili watu wapate mtandao wa simu wazungumze na nyumbani. Ni jambo la kibinadamu, na kila aliyewahi kuwa mbali na watoto wake analielewa. Takriban tani 1,000 za mafuta zilimwagika baharini, na mwaka uliofuata mahakama ya Mauritius iliwafunga nahodha na ofisa wake mkuu miezi 20.

Basi turudi kwa msafiri wetu, bado amelala.

Usiku ule MV Bukoba haikugonga mwamba. Haikugongana na chombo kingine. Ilivuka maji mapana, giza likapita, pakapambazuka, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei ikawa inakaribia Mwanza. Watu wanaamka, wanakunja khanga, wanahesabu mizigo. Hapo, ikiwa mchana kweupe na safari karibu imalizike, meli ilipinduka.

Natamani kila msomaji asimame hapo kidogo. Tumezoea kudhani hatari ya safari ya usiku ni usiku wenyewe: giza, usingizi, mtu aliyefumba macho usukanini. Hatari ya MV Bukoba iliingia jioni iliyotangulia, kupitia ngazi ya kupandia, taa zikiwa zinawaka na watu wote wakiwa macho. Meli hiyo ilikuwa ya kuchukua abiria 430. Karatasi zake zilionyesha watu 443, na hapo daraja la tatu halijahesabiwa, kwa sababu halikuwa na orodha. Hakuna mlinzi wa usiku, hata awe hodari namna gani, anayeweza kutengeneza alfajiri kilichoharibiwa gatini jioni. Zamu ya kwanza ya safari ile ilikuwa ya karani wa tiketi. Ya pili ilikuwa ya mpakiaji, na ya tatu ya mkaguzi. Nahodha alifuata baadaye.

Namna uzito unavyopindua chombo si siri ya wahandisi. Uzito ukiwa chini, karibu na mkuku, chombo kikilazwa na wimbi huinuka upesi kama mtu aliyekasirika. Ukiwa juu, mizigo ikirundikwa kwenye sitaha za juu na watu wakijazana huko, chombo huwa kizito kuinuka. Kinalala upande, kinakaa hapo kidogo kama kinachofikiri, ndipo kinarudi taratibu. Abiria wasiojua hukisifu kwamba ni laini, hakiwatikisi. Mabaharia wakiona hivyo hawatulii. Katika hali hiyo kona moja ya ghafla, au watu mia kadhaa kuhamia upande mmoja kuangalia kitu, inatosha. Mbunge wa Uingereza Samuel Plimsoll alipigania hadi mwaka 1876 sheria ikataka kila meli ichorwe ubavuni alama inayoonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo iko hadi leo na haihitaji shule kuisoma. Ikiwa imezama, meli imezidishwa.

Kilichofuata baada ya meli kupinduka ndicho watu wa Kagera na Mwanza wanachokikumbuka kwa uchungu kuliko vyote. Meli haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini, tumbo juu, na ndani yake mlikuwa na watu hai katika hewa iliyonaswa. Walisikika wakigonga vyuma. Waokoaji, kwa nia njema na kwa haraka ya huruma, walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikachomoka kwa tundu lile, maji yakapanda mahali ilipotoka, na meli ikaenda chini. Hewa ile ndiyo iliyokuwa inawashikilia. Uokoaji nao una zamu yake na elimu yake, na elimu hiyo haifundishwi juu ya tumbo la meli iliyopinduka. Ilitakiwa iwe imefundishwa miaka kabla, pamoja na wapiga mbizi na vifaa vyao tayari. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja baadaye kusaidia kutoa miili.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga iliundwa, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika pale kuwaombea. Ukiuliza walikufa wangapi, utaambiwa 894. Utaambiwa 800. Utaambiwa karibu elfu. Wote wanaokujibu wanasema kweli kwa kadiri ya kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikuwa na daraja la tatu. Nyumbani kwa msafiri wetu, katika vilima vya Karagwe, walisikia redioni kwamba meli imezama. Hawakuwa na dirisha la kwenda kuuliza kama mama yao alikuwamo. Wengine walisubiri basi, wengine barua, wakitumaini kwamba huenda aliahirisha safari na kulala Bukoba kwa ndugu. Msiba usio na orodha hauna siku ya kuanza wala siku ya kuanua tanga.

Baada ya misiba ya aina hii wazee husema ajali haina kinga, na wengine huongeza kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Nawaheshimu wazee, na najua maneno hayo hutamkwa kumfariji mfiwa. Kwenye mkeka wa msiba ni mahali pake. Yakibebwa hadi ofisi ya bandari yanageuka sumu, kwa sababu yanamvua karani wajibu wake, yanamvua mkaguzi wajibu wake, na yanamwambia abiria afumbe macho apande tu. Meli iliyoandikiwa watu 430 ilikuwa na kinga yake. Kinga ilikuwa ile namba.

Na kama funzo la mwaka 1996 lingekuwa limeingia, tusingepata jingine tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara siku ya gulio. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakikitazama. Walikufa watu 228, na walionusurika walikuwa 41. Hesabu hizo mbili ukizijumlisha unapata zaidi ya mara mbili ya namba iliyoruhusiwa. Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba kivuko kilizidishwa, na kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Kumbuka kanuni ya makabidhiano niliyoieleza: usimkabidhi asiyeweza. Safari ya Bugolora hadi Ukara ni fupi, ya mchana, ya kila siku. Ufupi wake ndio uliowafanya watu waione haihitaji zamu. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka chumba cha injini, mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki.

Mtu wa Karagwe wa leo ataniambia: sisi hatupandi tena meli. Ni kweli kwa wengi. Barabara ya Kyaka imewekwa lami, basi linapita Biharamulo na Geita, na tangu tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilometa 3, hata foleni ya kivuko imebaki hadithi. Lakini mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku kucha baada ya katazo la miaka mingi. Safari ya Karagwe hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilometa 1,300. Abiria amejifunika, amelala, na mbele kuna mtu mmoja anayetazama giza kupitia kioo. Hiyo ni zamu ya usiku ya bahari kuu, isipokuwa mawimbi yamegeuka kuwa malori yaliyoharibika barabarani bila taa. Basi la safari ndefu linatakiwa liwe na madereva wawili. Je, unamjua wa pili? Umemwona kwa macho? Amelala kweli mchana, au alikuwa anapakia mizigo juu ya paa tangu alfajiri? Kumuuliza kondakta swali hilo kabla ya kuondoka si ujeuri. Uliza kwa heshima: "Samahani kaka, dereva wa kupokea ni yupi?" Kama jibu ni kicheko, umeshajibiwa.

Naandika haya nikiwafikiria hasa vijana wanaoanza safari za kwanza, wanafunzi wanaopelekwa vyuoni Mwanza na Dar es Salaam na wazazi wanaohesabu nauli mara mbili mbili. Mtoto huyo amefundishwa nyumbani kutobishana na mkubwa, na ni malezi mazuri. Kwa hiyo akiambiwa na mpiga debe "panda tu, nafasi ipo," atapanda. Wazazi, mwambieni kabla hajatoka kwamba mbele ya chombo kilichojaa ana ruhusa yenu ya kukataa, na kwamba nauli ikipotea hamtamgombeza. Mwambieni kwa maneno, siku ya safari, mkiwa mmesimama mlangoni. Asipoyasikia kutoka kwenu, hofu ya kupoteza pesa zenu ndiyo itakayompandisha.

Kwamba inawezekana kukataa, tumeona. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya watu wasiofika 700. Tume ya uchunguzi baadaye ilisema ilibeba zaidi ya 2,000. Bandarini baadhi ya wenye tiketi waliitazama ilivyoshonana, wakakataa kupanda. Iliondoka bila wao, na baada ya saa sita usiku ikazama karibu na Nungwi. Waliopona waling'ang'ania magodoro na chochote kilichoelea hadi kulipokucha. Waliokataa hawakuwa na rada wala cheti cha unahodha. Walikuwa na macho yale yale aliyokuwa nayo kila abiria aliyepanda, wakayatumia wakiwa bado wamesimama kwenye saruji.

Leo usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na abiria anatakiwa kuandikwa jina. Ukifika Bukoba au Kemondo, au mwaloni kwa mtumbwi wa injini, anza na ubavu wa chombo: alama iko juu ya maji au imezama? Chombo kimesimama wima au kimeegemea? Jaketi okozi ziko wapi, na je, zimefungwa kwa kufuli? Mlango wa karibu na ulipokaa unafunguka kwa ndani au kwa nje, na mizigo ya nani imeuziba? Hayo huchukua dakika tano. Kisha nenda dirishani. Taja jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu ya mtu aliyebaki nyumbani, siyo ya mnayesafiri naye. Taja na watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao. Karani akikuambia kwamba mtoto wa mgongoni haandikwi, usimpishe wa nyuma yako. Simama hapo hapo, na foleni igune ikitaka, hadi jina la mtoto huyo liandikwe chini ya lako.